Tulivyomwacha Bi Mwanasha Kilimani

Changamwe, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku reli inakoanzia. Mguu unaendeleaje? Ule wa kushoto unaovimba ukikaa sana, bado unaukanda kwa maji ya moto kama daktari alivyosema, au uliacha mara tu maumivu yalipopungua? Najua uliacha. Mvua imewafikia? Mahindi ya upande wa kijitoni yamepona wale viwavi? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, na paa la chumba changu halivuji tena tangu mwenye nyumba abadilishe mabati. Ndege za hapa Airport bado zinapita juu ya kichwa changu kama zinatafuta kutua kitandani, lakini nimezizoea hivi kwamba zikikawia najiuliza kulikoni.

Sikupiga simu kwa sababu wewe, Mama, simu unaiongelesha kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, na haya sitaki majirani wayasikie kabla yako. Barua hii analeta shemeji Alusa anayekuja likizo. Mwambie akusomee polepole na asiruke mahali, hata pale ambapo binti yako haonekani vizuri.

Nina kinyaa, Mama. Nimetafuta neno lingine tangu Jumamosi ya juzi nikalikosa. Si hasira tu, maana hasira naijua, inakuja na kuondoka. Hii imekaa kooni kama mafuta ya nyama iliyopoa.

Unakumbuka nilikueleza kuhusu meneja mpya, Bwana Dickson, yule aliyeletwa kutusimamia pale ofisini kwetu tunapotoa mizigo ya watu bandarini. Mtu wa maneno mengi mazuri. Asubuhi anatusimamisha wote kwa mduara tushikane mikono, kila mtu aseme jambo moja analoshukuru, na wenye malori wako nje wanapiga honi wakisubiri makaratasi yao. Sasa mwezi huu akaja na jipya: siku ya afya na umoja. Tutakwenda wote kutembea kwenye hifadhi moja ya kaunti huko kwenye vilima vya Kwale. Kuna njia inayopanda, inapita juu ya mgongo wa vilima, halafu inazunguka na kurudi pale pale langoni. Kilomita tisa.

Mimi nilicheka peke yangu. Nilikuona wewe ukiteka maji kule chini na kupanda nayo kati ya yale mawe yetu, mtungi kichwani na mimi mgongoni, na hakuna aliyekupigia makofi. Huku watu wanavaa viatu maalumu, wanapanda kilima wasikoendea chochote, wanateremka, wanasema wamefanikiwa. Lakini sikuona ubaya wake. Nilitamani hata kukanyaga mlima kidogo. Miaka sita ya Changamwe ni vumbi na malori tu.

Tangazo lilisema kila mfanyakazi lazima aende. Hapo ndipo habari ya Bi Mwanasha inapoingia.

Sidhani nimewahi kukueleza juu yake vizuri. Bi Mwanasha ndiye anayetupikia chai na kufagia ofisi. Ni mama wa Likoni, Mdigo, mtu mzima wa rika lako au anakukaribia. Nilipofika hapa nikiwa mshamba wa Maragoli, nikisema Kiswahili changu cha kuvunjavunja, yeye ndiye aliyenirekebisha bila kunicheka. Nilikuwa namwita nikipiga kelele "Mwanasha!" kama vile naita rika langu. Akaniambia, "Mwanangu, huku mtu mzima huitwa Bi, na ukimkuta asubuhi humwamkia shikamoo kabla hujamwomba chai." Tangu siku hiyo ni Bi, na nikimwita huitika "Abee" kwa sauti ya chini mpaka mtu unaona aibu kwa kumsumbua.

Bi Mwanasha ana sukari. Kama Baba, Mungu amrehemu. Ofisini wote tunajua, kwa sababu kikombe chake kiko peke yake, na saa nne kila siku hukaa kwenye kiti kidogo jikoni akala kipande cha mkate, hata simu ilie. Aliposoma tangazo alikuja mezani kwangu, kwa vile mimi ndiye karani, akaniambia, "Kageha mwanangu, niandikie kikaratasi kwa bwana mkubwa. Mwambie nna maradhi yangu, na magoti haya ya kupanda milima sina. Nitabaki nisafishe ofisi." Nikamwandikia. Nikakipeleka mwenyewe. Bwana Dickson alikisoma akiwa amesimama, akatabasamu, akasema, "Mwambie kutembea ndiyo dawa ya sukari. Asiyekuja atakuwa ametuambia hapendi kuwa mmoja wetu."

Nikarudi jikoni. Na hapa, Mama, ndipo mahali pa kwanza nilipokosa. Ningeweza kumwambia Bi Mwanasha akae kwake, mimi nitajibu. Badala yake nikamwambia, "Twende tu, Bi. Ni matembezi madogo. Mimi nitakuwa karibu nawe." Akanitazama, akasema, "Haya, kama utakuwa karibu."

Tuliondoka Changamwe saa kumi na mbili asubuhi kwa basi la kukodi, tukapita ile barabara mpya ya Dongo Kundu, tukamkuta Bi Mwanasha amesimama kwenye makutano upande wa pili, na mfuko wake wa plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na mkate, tende na chupa ya maji. Tulikuwa tumepewa fulana za rangi ya chungwa zenye jina la kampuni kifuani. Yeye aliivaa yake juu ya baibui, akafunga mtandio wake mweusi vizuri. Tito, kijana wa upande wa hesabu, akapiga mluzi. "Bi amependeza kama embe!" Basi zima likacheka. Yeye pia akacheka. Alikuwa amemeza dawa zake alfajiri, akanywa uji kidogo, na saa nne ingemkuta njiani.

Pale langoni tulipokewa na askari wa hifadhi, mwanamke mwembamba anayeitwa Mejumaa, na kofia iliyopauka kwa jua. Alitueleza tufuate alama za rangi nyeupe kwenye miti na mawe, tubebe maji, na yeyote anayeumwa aseme mapema, kwa sababu ukishafika juu ya mgongo gari haliingii. Akauliza, "Kuna mgonjwa?" Bwana Dickson akajibu kabla mtu hajafungua mdomo: "Hapa wote ni majemadari." Halafu akaamuru mifuko yote iachwe ndani ya basi. Sababu? Mifuko ya plastiki na vikapu vingeharibu picha. Maji na soda vingebebwa na vijana wanne watakaotangulia, vitungoje juu.

Bi Mwanasha aliuliza, "Na huu wangu wa mkate?" Bwana Dickson akauchukua mkononi mwake kwa heshima zote, kama mtoto anayempokea bibi mzigo, akaurusha kwenye kiti cha dereva.

Nilikuwa nimesimama pale pale, Mama. Nilijishughulisha na orodha ya majina.

Mwanzo njia ilikuwa nzuri. Miti mirefu, majani yenye harufu ya unyevu, na udongo mwekundu kama wetu. Kwa muda nilisahau niko na nani. Lakini tulivyozidi kupanda nikaanza kuona uchafu wa waliotutangulia. Chupa, karatasi za biskuti, maganda ya machungwa, na kwenye jiwe moja zuri la kukalia mtu alikuwa ameacha nepi ya mtoto imekunjwa, nzi wamejaa. Tito alimaliza juisi yake, akaitupa pakiti vichakani hapo hapo, na Mejumaa akimwona. Mejumaa akainama akaiokota, akaitia kwenye gunia alilobeba kiunoni. Alionekana kama mtu aliyechoka kusema.

Kilomita ya kwanza nilikuwa na Bi Mwanasha. Alikuwa anapanda hatua mbili, anapumzika. Nikamshika mkono. Nyuma yetu watu wakalalamika njia ni nyembamba, tunawazuia. Halafu Bwana Dickson akaniita kutoka mbele: "Kageha! Njoo, wewe ndiye una orodha ya majina, nataka tuhesabu watu tukifika juu." Bi Mwanasha akasema, "Nenda, mwanangu. Nitafuata polepole, huyu askari yuko nyuma." Nikaenda. Niliona ahueni kuondoka, nakuambia kweli. Mwendo ule wake ulikuwa umenichosha, nilitaka kutembea kama mlimani kwetu. Nikapanda haraka haraka mpaka jasho likanitoka vizuri, na wengine wakanishangilia: "Mluhya anaujua mlima!" Nikajisikia.

Juu ya mgongo kuna uwanja wa nyasi, upepo unakuja kutoka baharini, unaona Likoni yote na meli bandarini zikiwa ndogo kama viberiti. Zile soda zilikuwa zimefika. Hakuna aliyekunywa, kwa sababu Bwana Dickson alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi akizipanga zifanye herufi za jina la kampuni, ili apigwe picha amelala mbele ya herufi hizo. Watu wana kiu, midomo imekauka, tunangoja mtu mzima amalize kupanga soda.

Hapo mtandao uliokuwa umekatika njiani ukarudi, simu zikaanza kulia. Kundi letu la kazini lilikuwa limepokea video. Niliifungua kama wengine. Ilikuwa Bi Mwanasha, kule chini njiani. Anayumba huku na huku. Mtandio umemtoka, uko mabegani, nywele zake nyeupe ziko wazi. Anajaribu kusema neno na ulimi hautii, anamnyooshea mkono mtu anayepiga video kama anayetaka kushikwa. Sauti ya Tito ikasikika, kwa lugha yake ya mtaani ambamo mama ni mathe: "Chekini mathe wa chai! Amelewa chakari, na jua halijafika hata katikati!" Halafu kicheko, halafu simu ikageuka kuonyesha uso wake mwenyewe, ametoa ulimi.

Watu wote pale juu wakacheka. Mama, na mimi nikacheka.

Nilicheka kwa sauti. Kitu kilichonijia kichwani kilikuwa, lo, Bi Mwanasha, kumbe na yeye! Labda nilicheka kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Kisha video ikajirudia yenyewe, na safari hii nikaona jasho. Fulana ya chungwa ilikuwa imelowa yote, na mkono ule ulikuwa ukitetemeka kwa namna ninayoijua. Nilimwona Baba siku ile kwenye shamba la chai, tulipodhani amekunywa kwa jirani, na wewe ukaja mbio ukamtia sukari chini ya ulimi huku ukitufokea sisi watoto tuliokuwa tunacheka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijua. Nimejua miaka yote hii, na bado nilicheka kwanza.

Tito alikuwa ndiyo kwanza anawasili, anahema, anafurahi. Nikamshika fulana. "Umemwacha wapi?"

"Nani, mathe? Ako chini, kilomita mbili hivi. Amekaa. Relax, Kageha, yule askari ako huko."

"Anakufa, Tito! Si pombe, ni sukari imeshuka!"

Nikaenda kuchukua soda. Bwana Dickson alikuwa tayari amelala kwenye nyasi, mkono kichwani, anatabasamu. Akasema, bila kuinuka, "Hizo zisiguswe kwanza. Picha moja tu."

"Bi Mwanasha ameanguka."

"Dakika moja, Kageha. Tukishapiga tutashuka wote pamoja. Umoja, sivyo?"

Nilizichukua mbili. Nilizing'oa katikati ya herufi, nyingine zikaanguka zikabingirika kwenye nyasi, na mpiga picha akasema "Aa!" kama mtu aliyevunjiwa sahani. Sikugeuka nyuma. Niliteremka ile njia nikikimbia, nikianguka, soda zikitikisika kifuani, na nilichokuwa nasema sijui kama ni maombi au matusi. Hakuna aliyenifuata. Watu wote wale niliokula nao wali miaka sita, hakuna hata mmoja.

Nilimkuta chini ya mti mdogo kando ya njia, na Mejumaa amempakata kichwa. Mejumaa alikuwa amemfunika nywele kwa shati lake la kazi, yeye mwenyewe amebaki na fulana ya ndani. Alikuwa ameomba msaada kwa redio, lakini wenzake walikuwa mbali upande wa pili wa hifadhi. "Nilipofika walikuwa wamemzunguka wanampiga picha," aliniambia. "Nikadhani ni jamaa zake. Nikawauliza ana nini, wakasema amelewa. Lakini mama huyu hanuki pombe."

Tulimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Ya kwanza ilimwagika shingoni. Ya pili akameza. Nilikuwa namwita, "Bi! Bi Mwanasha!" na nilichotaka duniani ni kusikia ile "Abee." Ilichukua muda mrefu. Nilihesabu vifuniko mpaka nikasahau hesabu. Mwishowe macho yake yakatulia, yakanitazama, na mkono wake ukapanda kichwani kabla ya kitu kingine chochote.

"Mtandio wangu uwapi?"

Mejumaa akauokota, umejaa majani. Tukaukung'uta, tukamfunga.

"Nani ameniona?" akauliza.

Nikasema, "Hakuna, Bi. Ni sisi wawili tu."

Hapo pia nihesabie kosa, Mama. Ni uongo nilioutoa nikiwa nimemshika mkono, na simu ikilia mfukoni mwangu.

Tulishuka naye polepole, sisi wawili kila upande. Wale wengine walikamilisha mzunguko wao kwa upande wa pili, wakafika langoni wakiimba. Niliposema twende hospitali, Bi Mwanasha alikataa, akala mkate wake na tende zake ndani ya basi, akageuzia uso dirishani. Mtu mmoja nyuma yangu akasema tumewacheleweshea chakula cha mchana. Na tulipofika makutano ya Dongo Kundu, nikamwomba Bwana Dickson basi limfikishe mpaka kwake Likoni. Akaangalia saa. "Dereva amekodishwa kwa njia hii tu. Hapa tuktuk ni nyingi." Hata kumpa mkono hakumpa. Nikashuka naye. Basi likaondoka, na kupitia dirishani nikawaona wengine wameinamia simu.

Binti yake, Zuhura, alitupokea mlangoni. Alimkalisha mamake kitandani, akampima sukari, akampa chakula. Halafu akanitoa nje, akafungua simu yake, akaninyooshea. Ilikuwa imeshafika Likoni kabla yetu. Sijui ilipitia kwa nani. "Mamangu hajakosa swala tangu nimjue," akasema. "Na leo jirani amenipigia kuniuliza ameanza lini kulewa." Aliniambia niende, nikaenda.

Jumatatu Bi Mwanasha hakuja kazini. Hakuna aliyepika chai. Bwana Dickson aliniita ofisini kwake, mlango ukafungwa. Mbele yangu kulikuwa na karatasi iliyochapwa tayari: kwamba mfanyakazi huyo alificha ugonjwa wake, kwamba alisahau chakula chake kwa uzembe, kwamba aliacha njia iliyowekwa alama. Chini, mahali pa shahidi, jina langu. "Ni utaratibu tu," akasema. "Inatulinda sote. Hata wewe, maana wewe ndiye uliyemshawishi aje, au sivyo?"

Alikuwa amelijua hilo. Alikuwa ameliweka akiba.

Mama, mkono wangu uliishika kalamu. Sitakuficha. Nilifikiria kodi, nilifikiria dawa zako. Kisha pua yangu ikapata harufu ya manukato yake, yale matamu matamu, nikaiweka kalamu nikatoka nje kutapika kwenye mtaro wa malori. Niliporudi nilimwambia nitaandika yangu. Nikaandika kwa mkono, kurasa mbili. Nikaandika kile kikaratasi cha kuomba ruhusa na jibu alilonipa, mfuko wa mkate uliorushwa kwenye basi, soda, video. Na nikaandika kwamba nilimshawishi, na kwamba nilicheka. Bwana Dickson alisoma akasema, "Hapa pa kucheka patoe, panakuharibia wewe mwenyewe." Nilijua anachotaka. Nikipunguza langu, naye atapata nafasi ya kupunguza lake. Nikazikunja kurasa zangu kama zilivyo, nikazipeleka kwa mama mwenye kampuni mwenyewe alipokuja Jumatano.

Yule mama alizisoma mara mbili. Akaamuru video ifutwe na kila mtu mbele yake, simu moja moja, na Bwana Dickson na Tito waende Likoni kuomba msamaha. Nami niende, kwa kuwa ninaijua nyumba.

Basi Alhamisi tukaenda. Njiani nilifikiri labda sasa nitaona utu. Bwana Dickson alikuwa amenunua kikapu cha matunda kimefungwa utepe. Tito hakunitazama. Tulipobisha, Bi Mwanasha mwenyewe alifungua, amevaa leso zake za nyumbani, ameshika ufagio. Bwana Dickson akakiinua kikapu, akageuza bega kidogo, na nikaona kwa nini. Tito alikuwa nyuma yake ameinua simu, anapiga picha. Kwa ukurasa wa kampuni, alieleza. Watu waone tunavyojaliana.

Bi Mwanasha aliitazama ile simu.

"Picha yangu mnayo tayari," akasema. "Itawatosha."

Akanitazama mimi. "Wewe ingia." Nikaingia, na mlango ukafungwa. Tuliwasikia wakisimama pale nje, halafu kikapu kikawekwa chini, halafu hatua zao. Kikapu aliwaita watoto wa jirani wakichukue, yeye hakukigusa.

Alikaa. Mimi nilibaki nimesimama. Nikamwambia, "Bi, siku ile nilikudanganya. Ulipouliza nani amekuona. Walikuona wote."

"Najua. Nimeambiwa."

"Na mimi niliiona ile video kule juu. Nikacheka."

Nje mtu alikuwa akipiga nguo kwenye jiwe, nikaisikia kila mara ikigonga.

"Ulicheka kabla hujajua ni maradhi, ama baada?"

"Kabla. Lakini nilicheka, Bi. Na mimi ndiye niliyekwambia nitakuwa karibu."

"Ndiyo. Uliniambia." Akatandaza leso magotini. "Kageha, nna hasira nawe, sikufichi. Wale wawili sina haja nao, Mungu atawajua mwenyewe. Lakini wewe nilikufundisha kuniamkia. Hasira yangu kwako haitaisha leo."

"Ndiyo, Bi."

"Basi njoo Jumamosi."

Ofisini Bwana Dickson bado ni meneja, bado tunashikana mikono kwa mduara kila asubuhi, na mkono wake ukifika kwenye wangu ngozi inanisisimka. Ameniondoa mezani, sasa niko ghalani nahesabu makasha na panya. Bi Mwanasha ameambiwa kazi yake ipo akitaka kurudi. Hajajibu. Natafuta kwingine, Mama, lakini taratibu, kwa hiyo usinitumie maneno ya kunihimiza nirudi nyumbani wala ya kunihimiza nivumilie. Niombee tu.

Wasalimie wote. Msalimie Guku, mama yake Baba, mwambie lile blanketi nitatuma. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe aliyejifungua, nimefurahi ni msichana. Shangazi wa kanisani, yule mwenye kuongoza nyimbo, mwambie sijasahau sauti ya tatu. Na mdogo wangu wa mwisho mwambie akanyage shule, asikanyage mpira tu.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda Likoni. Nilimwamkia shikamoo kabla sijasema lolote, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kama hasira imepungua.

"Bado," akasema. Kisha akanipa kisu na beseni la muhogo, akanionyesha pa kukaa, nikamenya mpaka ukaisha.

Ni mimi binti yako,
Kageha